Rachael Awiti na Nembo Isiyo na Mkate

Marehemu Rachael Awiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Uthiru, kifungua mimba wa hayati Mzee Nashon na Mama Awuor. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Kabla ya kukupinga aliinamisha kichwa upande wa kushoto, akakutazama tu, na hapo ulijua umeshindwa.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Uthiru, kisha akasomea usanifu wa michoro jijini, akafuzu mwaka 2006. Mama alitarajia picha za watu na maua. Awiti akaleta nyumbani mistari na maduara. "Na hii ni nini sasa?" Mama aliuliza hivyo kwa kila kazi, miaka yote, na Awiti alitamani sana siku moja asiulizwe.

Alifanya kazi Westlands, akibuni nembo za biashara. Mwaka 2014 alichorea duka la mikate la Mzee Munir, katikati ya jiji, mikunjo mitatu ya rangi ya machungwa, akifuata jinsi mzee huyo anavyokunja donge la unga.

"Rachael mwanangu, mkate wenyewe u wapi?" Mzee Munir aliuliza.

Kichwa kikainama. "Mzee, mkate iko ndani ya karatasi. Huku nje tuweke kitu mtu atajua hata akiwa mbali."

Leo, kuanzia mjini hadi Loresho, hata watoto wasiojua kusoma huomba "ile ya mikunjo". Tunajivunia, na hatufichi.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na Quincy Kivuva. Kadi ya harusi haikuwa na pete wala njiwa. Wageni wengine walidhani wamealikwa mkutano wa benki.

Mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Akiwa kitandani alisanifu mwenyewe jalada la programu hii ya mazishi mliyoshika: mstari mmoja ulioinamia kushoto, na duara juu yake. Tulibishana naye. Mazishi bila picha ya marehemu, watu wa kanisa watasema nini? Alituaga tarehe 9 Juni 2025 kabla hatujakubaliana, nasi tukaliacha alivyotaka.

Ameacha mume wake Kivuva, watoto wao Ryan na Ngina, mimi mdogo wake Tobias ninayesoma haya, na Mama Awuor. Jalada lilipotoka kwa mpiga chapa tulimpelekea Mama, tukisubiri lile swali lake. Hakuuliza. Alipitisha kidole juu ya mstari, akalia, akasema, "Huyu ni Awiti. Ananibishia."

Alale salama. Ubishi huo ameushinda.