Keki ya Wakwe Inanuka Siki

SAIDA: Haloo? Nani mwenzangu?

LIDIA: Ni mimi, Lidia. Mama Vitalia wa Mapera.

SAIDA: Ala, mama wa bibi harusi mwenyewe. Namba ngeni hii, nikadhani ni wale wa kuniambia nimeshinda gari. Habari za toka asubuhi?

LIDIA: Nzuri. Simu ya jirani, yangu wameichomeka kwenye spika. Wewe hujambo? Watoto, duka—

SAIDA: Sote salama, alhamdulillahi. Hapa Mbinga ni baridi tu. Na sendofu? Mmeshaanza? Mchana nafunga duka, napanda boda nakuja. Gauni limeshapigwa pasi.

LIDIA: Bado. Wakwe wako njiani. Dada Saida, nina swali la duka.

SAIDA: La duka? Leo unamuaga binti yako una swali la duka?

LIDIA: Ile silikoni ya kuzibia madirisha. Ikishapakwa mahali, inatokaje?

SAIDA: Inategemea mahali. Kwenye kioo unakwangua kwa wembe. Kwenye alumini vilevile. Imemwagikia wapi?

LIDIA: Kwenye kitu laini.

SAIDA: Laini vipi? Nguo?

LIDIA: Laini kuliko nguo.

SAIDA: Godoro?

LIDIA: Unakaribia. Godoro, lakini lina mayai ndani.

SAIDA: Mama Vitalia. Usiniambie ni keki.

LIDIA: Sijakuambia.

SAIDA: Keki ya wakwe?

LIDIA: Ghorofa zote tatu. Maua, kingo, na majina. Vitalia na Kilian, na kopa katikati.

SAIDA: Lahaula. [mtandao unakwaruza] —kufika jikoni?

LIDIA: Sikusikii, dada, inakatika. Ngoja nisogee. Haya, sema.

SAIDA: Nauliza bunduki ya silikoni imefikaje jikoni kwako?

LIDIA: Si nilimwona Pankras akiziba dirisha la mwalimu. Anabonyeza ule mkono, mstari unatoka umenyooka, mweupe, umetulia. Nikasema mimi hapa nahangaika na mfuko wa nailoni niliotoboa kona, maua yangu yanatoka kama minyoo, kumbe mume wangu ana mashine.

SAIDA: Ndiyo maana ukaja kununua zile tyubu tupu. Ukaniambia ni za fundi.

LIDIA: Nilisema ni za nyumbani kwa fundi.

SAIDA: Mimi nikajua Pankras anataka kupakia gundi ya mbao, ile ya ndoo. [kwa mteja] Misumari ya bati iko hapo chini, baba, chagua. [kwenye simu] Haya, endelea, nina mteja lakini nasikia.

LIDIA: Nikazichemsha. Nikajaza krimu kwa kijiko, nikaweka kile kizibo cha nyuma nikakisukuma kwa mwiko. Juzi nimejaribu kwenye sinia, dada, ungeona. Maua yamesimama kama ya altareni. Ukiacha kubonyeza inataka kuendelea kutoka, lakini kuna kibati hapo nyuma, ukikibana inatulia.

SAIDA: Unanifundisha bidhaa yangu. Sasa krimu iligeukaje silikoni?

LIDIA: Sikugeuza mimi. Nilipewa bunduki imeshapakiwa. Na hii ni ile ya bomba zima, tyubu ikiingia ndani huioni.

SAIDA: Hukusikia harufu? Ile ikitoka inanuka siki hadi macho yanauma.

LIDIA: Nina mafua. Baridi hii ya kuvuna kahawa, tangu wiki iliyopita sinusi hata moshi.

SAIDA: Na kuonja, mpishi? Hukuonja?

LIDIA: Nimeonja nilipomaliza. Nimelamba kidole.

SAIDA: Umemeza?

LIDIA: Nimetema. Ulimi wote kama umevaa soksi.

SAIDA: Sukutua kwa maji mengi. Uko wapi sasa?

LIDIA: Nyuma ya banda la kuku, ndipo mtandao unashika. Ghorofa ya juu nimekuja nayo, nimeifunika kanga watu wasione. Kuku mmoja amedonoa ua, akalirudisha.

SAIDA: Bonyeza kwa kidole nijue imefika wapi.

LIDIA: Imeshafanya ngozi. Nikibonyeza inashuka, nikiachia inapanda.

SAIDA: [anakohoa]

LIDIA: Unacheka.

SAIDA: Sicheki. Ni mtandao.

LIDIA: Mtandao gani wa kukohoa hivyo? Dada, nisaidie. Pembeni hapa naona inaambuka yenyewe, kama utando wa maziwa. Nikiimenya yote, nikapaka krimu nyingine juu, nani atajua?

SAIDA: Hapana.

LIDIA: Nitamenya na kipande cha keki kwa chini, kama ganda la kiazi—

SAIDA: Mama Vitalia, hapana. Mimi ndiye ninayeiuza. Dawa ile imeshazama ndani, na tyubu nzima imechorwa alama za kukataza. Usimlishe mtu.

LIDIA: Kipande cha katikati tu. Cha kulishana.

SAIDA: Hata cha katikati. Unataka Vitalia amlishe mama mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kamera, halafu yule mama ashikwe na tumbo? Undugu utaanzia hospitali?

LIDIA: Wewe humjui Hilda.

SAIDA: Namjua kwa kusikia.

LIDIA: Kusikia hakutoshi. Walipopanda kutoka Mbamba Bay kuja kujitambulisha, alikagua nyumba yangu mpaka chini ya meza. Akasema keki wataagiza wenyewe Songea, kwa sababu sisi watu wa milimani tunajua kahawa na mahindi, keki tutazitolea wapi. Mbele ya shemeji zangu wote. Nikasimama nikasema keki ya mwanangu naipika mwenyewe, na atakula atarudia. Sasa leo nimwambie nini?

SAIDA: Mwambie imeanguka.

LIDIA: Ikianguka hii itadunda.

SAIDA: [anacheka] Nisamehe, shoga. Hapo nimeshindwa.

LIDIA: Cheka tu. Mimi nalia.

SAIDA: Hulii, una mafua. Sikiliza. Jana nimeoka mkate wa kumimina, nilitaka kuja nao kama zawadi yangu. Mkubwa, wa sinia, umeumuka vizuri na iliki imo. Huo ndio atakaoukata Vitalia. Mnara wako ufunike kitambaa, uweke pembeni, useme ni pambo.

LIDIA: Hauna maua.

SAIDA: Chuma maua shambani. Nyie mna maua mengi kuliko akili.

LIDIA: Asante. Asante, dada. Kweli.

SAIDA: Lakini hebu ngoja. Umesema bunduki ulipewa imeshapakiwa. Nani alipakia?

LIDIA: Vitalia. Mimi ile fimbo ya nyuma kuivuta inanibana vidole, nikamwambia aniwekee tyubu.

SAIDA: [kwa mteja] Ngoja kwanza, baba.

LIDIA: Haloo?

SAIDA: Nipo. Vitalia huyu ninayemjua mimi?

LIDIA: Kwani nina mwingine?

SAIDA: Vitalia aliyeziba madirisha ya hili duka nililokaa? Anayekuja hapa akaitikisa tyubu mara moja tu bila kuifungua, akanirudishia, akaniambia mama mdogo, hii imeshaganda, nipe nyingine?

LIDIA: Alikuwa na haraka. Bibi harusi, kichwa kimejaa.

SAIDA: Sawa.

LIDIA: Nywele zilikuwa zinasubiri. Na zile tyubu zote ni nyeupe.

SAIDA: Zako hazina maandishi. Zangu zina maandishi mpaka kwenye makalio.

LIDIA: Unataka kusema nini?

SAIDA: Sisemi kitu. Mimi nauza misumari. [kwa mteja] Nusu kilo hiyo, baba? Haya. [kwenye simu] Hiyo bunduki ni ya Pankras?

LIDIA: Ya Pankras imechoka, ukibonyeza inarudi nyuma.

SAIDA: Basi ya nani?

LIDIA: [mtandao unakwaruza] —ake.

SAIDA: Ya nani?

LIDIA: Yake. Ya Vitalia mwenyewe.

SAIDA: Ile ya bomba zima. Ndiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemuuzia. Alikuja na malipo ya dirisha lake la kwanza, akaikataa ya bei rahisi, akasema hii atazeeka nayo. Alilala nayo kitandani, uliniambia mwenyewe.

LIDIA: Nilikuambia.

SAIDA: Ulimwomba?

LIDIA: Kumwomba nini, dada? Anaolewa. Hilda alishasema mkwe wake hatapanda ngazi kama mwanamume, atakaa naye ziwani kwenye biashara ya dagaa. Nikaona kifaa kimekaa bure. Nikakiosha.

SAIDA: Ukakiosha.

LIDIA: Kwa maji ya moto na sabuni. Kilikuwa na magome ya silikoni mpaka kwenye mkono, nikayabandua yote, kikang'aa. Nikakiweka kwenye beseni na miiko.

SAIDA: Na Vitalia alisema nini kuhusu hiyo habari ya ngazi?

LIDIA: Hakusema kitu.

SAIDA: Hakusema, au hakuulizwa?

LIDIA: Ngoja. Usikate. Vocha ni ya jirani lakini usikate.

SAIDA: Umenipigia wewe.

LIDIA: Ndiyo, basi nisikate mimi. [mbali na simu] Vitalia. Vitalia, njoo huku mara moja. Acha waendelee na kucha baadaye.

SAIDA: Taratibu naye, mama.

LIDIA: [mbali na simu] Karibu hapa. Angalia hii. Usiangalie kuku, angalia keki. Ile tyubu ya asubuhi uliyoniwekea. Ulijua ni nini? Usiiname. Ulijua.

SAIDA: [kwa mteja, kwa sauti ya chini] Subiri, baba, subiri kidogo.

LIDIA: [mbali na simu] Nitazame. Kilian unamtaka au humtaka? Sema sasa hivi, gari halijafika, baba yako nitamweleza mimi. [Vitalia anajibu kwa sauti ya chini] Basi kama unamtaka, shida ni nini? [Vitalia anajibu kwa chini] Mimi nimefanya nini? [Vitalia anaeleza, sauti inageuka kilio] Usilie. Usilie, mwanangu, utaharibu hiyo poda. Njoo. Shika kanga hii ujifute. Si hiyo yenye keki.

SAIDA: Haloo?

LIDIA: Dada.

SAIDA: Nipo.

LIDIA: Mtoto anamtaka Kilian. Anasema angemtaka hata kama hakuna sherehe.

SAIDA: Alhamdulillahi. Hapo roho yangu imetulia.

LIDIA: Anasema asubuhi aliingia jikoni, akaikuta bunduki yake kwenye beseni la miiko, imeoshwa. Akaona basi, kumbe hata mama ameshakubali aache kazi. Akaipakia ilichozoea kula.

SAIDA: Mtoto huyu.

LIDIA: Anasema alijua nitasikia harufu kwenye ua la kwanza, nitamwita nimgombeze, na yeye apate pa kuanzia. Akakaa chumbani anasukwa, anasubiri kuitwa. Hakujua mafua yameniziba pua hivi. Mimi nikaendelea mpaka ghorofa ya tatu, naimba.

SAIDA: Ulikuwa unaimba?

LIDIA: Ya kwaya, kwa furaha yote. Ameniambia, "Nilitaka uniulize, mama." Hilo tu. Imeniuma, dada Saida. Mimi ndiye niliyempeleka kwa baba yake ajifunze kazi. Watu wakicheka, binti juu ya ngazi, mimi ndiye niliyekuwa nawajibu hadi kwenye njia ya kanisani. Leo Hilda amesema neno moja tu, nikachukua sabuni.

SAIDA: Wakwe wanatia hofu. Hata mimi nilimficha mume wangu kwa wakwe wa binti yangu Hasna, kwa jinsi anavyokoroma.

LIDIA: Usinichekeshe, nimemshika mtoto. [honi kwa mbali, vigelegele] Yesu wangu, ndio hao. Wamefika.

SAIDA: Mapema hivyo?

LIDIA: Hilda huyo, kila mahali anafika mapema ili akute watu hawajafagia. Dada, simu inalia, salio linaisha—

SAIDA: Nafunga duka sasa hivi. Nakuja na mkate.

LIDIA: Njoo na kitu kingine. Silikoni, katoni nzima. Weka kwenye hesabu ya Pankras.

SAIDA: Katoni? Ya kupamba nini tena?

LIDIA: Ya zawadi. Akina mama tutaingia tukicheza, vyombo kichwani. Shemeji watabeba masufuria na mabeseni. Mimi mzazi natangulia, na nitakachobeba ni katoni ya silikoni, bunduki ya mwanangu imelala juu yake.

SAIDA: Mbele ya Hilda?

LIDIA: Nitazunguka hapohapo alipokaa mpaka wimbo uishe.

SAIDA: Na akisimama akasema mkwe wake hapandi ngazi?

LIDIA: [mbali na simu] Nakuja, waambieni wakae kivulini. [kwenye simu] Unasemaje?

SAIDA: Nasema, akikataa je?

LIDIA: Nitamkaribisha mezani kwa heshima zote. Anayemtaka Vitalia bila bunduki yake, mimi nina keki hapa ya ghorofa tatu, na nitamlisha kwa mkono wangu. Haya dada, kwaheri, wahi—

[Simu inakatika.]