Mzee Kiganja na Gurudumu la Mbele Kushoto

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa za utumishi katika karakana yetu, Fundi Mkuu, ambaye hata kwenye orodha ya chai anaandikwa Mzee Kiganja, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28, saa tisa na nusu alasiri. Miaka yote hiyo faili lake lilikuwa jeupe, halina barua ya onyo hata moja. Lilikuwa jeupe, nasema, mpaka wiki iliyopita. Nitafika huko.

Nimeombwa kuandika wasifu huu wa jarida letu kwa sababu wenye vyeti wote wapo kwenye warsha. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, bado tunabishana. Lakini kwenye breki, ukimtoa Mzee, karakana hii haina fundi kunizidi. Mzee mwenyewe hajawahi kulikanusha hilo. Nikilisema hucheka tu na kuondoka zake.

Aliingia hapa kama mwosha magari, enzi hizo akiwa na nywele. Jina la Kiganja alilipata kwa tabia yake moja. Gari likirudi safari, kabla halijapoa, yeye huzunguka magurudumu manne na kuweka kiganja kwenye kitovu cha kila moja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Lenye joto kupita wenzake ndilo linaloshikwa. Idara ilipoleta mashine ya kisasa ya kupima magari, mashine iliharibika mwezi wa pili, na aliyeitengeneza ni yeye. Gari la Bosi lilipogonga-gonga mwezi mzima na mafundi wa nje wakataka kushusha injini, Mzee aliomba kukaa kiti cha nyuma. Wakazunguka jengo mara moja, akainama, akatoa chupa ya maji iliyokuwa ikibingirika chini ya kiti cha Bosi. Alipewa cheti cha pongezi. Jina limekosewa, lakini muhuri upo.

Sasa tuje kwa Bi Mkubwa. Hili ni gari letu la milimani, kuukuu, lenye umri kunishinda mimi, na ndilo pekee linalofikisha chanjo kwenye vijiji vya juu. Mke wa Mzee huliita mke mwenzake, na husema mwenzake huyo hubembelezwa zaidi. Dereva wake ni mama mmoja tunayemwita Shangazi, ambaye hupanda mlima akiwa na mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye karanga.

Wiki mbili zilizopita Bi Mkubwa alianza kuwa mzito. Ananuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, anakunywa mafuta kama harusi imewadia, na akiteremka huvuta kushoto. Siku moja alirudi, akasimama getini, tukamsukuma watu sita wala hakutikisika. Mkaguzi wa Vyombo akaitisha Kamati ya Uchakavu. Kamati ikaja kesho yake asubuhi, gari limelala na kupoa, nalo likatembea kama bibi harusi. Kamati ikanywa chai. Lilipofika barabara kuu likakwama tena. Kamati ikanywa chai nyingine, kisha Mkaguzi akaandika, bila kuinama hata mara moja, kwamba giaboksi na difu ya mbele, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, vimekufa, gari liuzwe kama chuma chakavu Ijumaa, na dereva ahamishiwe kwenye kitabu cha wageni getini.

Shangazi aliisoma ile karatasi, akamrudishia. "Ninyi andikeni mnavyotaka," alisema. "Bi Mkubwa hajafa. Mguu mmoja tu unamuuma."

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Jumatano Mzee akachukua ufunguo, akaendesha kilomita nne, akarudi na kuanza mzunguko wake wa kiganja. Nyuma kote baridi. Mbele kulia, vuguvugu. Mbele kushoto aliondoa mkono kabla haujafika.

Akalipiga jeki. Gurudumu la kushoto halizunguki hata kwa watu wawili. La kulia linazunguka kwa kidole. Akafungua shafti inayotoka kwenye giaboksi kuja mbele. La kushoto bado limegoma, kwa hiyo giaboksi haina kesi. Na kama difu ingekuwa imekufa, la kulia nalo lingegoma, kwa hiyo difu nayo iko huru. Hapo Mkaguzi alikuwa amesogea, akajifanya anasoma namba ya gari. Mzee akalegeza ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki. Mafuta ya breki yakaruka mpaka kwenye kiatu cha Mkaguzi, na gurudumu likazunguka kwa kidole.

Breki ilikuwa imekanyagwa wakati hakuna aliyeikanyaga. Mzee akaung'oa mpira wa breki, ule mrija unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, akaupasua kwa kisu. Kwa nje haujatoboka, kwa ndani umenyofoka na kufanya ulimi. Mguu wa dereva unasukuma mafuta yanapita. Mguu ukiondoka, ulimi unafunga njia ya kurudi. Yaani ni kama ombi la vifaa ukilipeleka stoo: kuingia linaingia. Gari likilala usiku kucha, presha huvuja pole pole, ndiyo maana Kamati ilikuta mgonjwa amepona.

Mpira mpya ulifungwa kwa saa moja. Bi Mkubwa hakuuzwa. Ijumaa ya mnada Shangazi alikuwa milimani na chanjo zake.

Lakini Kamati haiwezi kufunga jalada bila mkosaji. Mkaguzi akauliza kwa nini mpira ule umeharibika. Mzee alikuwa ameushika mkononi, kidole gumba juu yake. "Umezeeka," alisema. "Ilikuwa kazi yangu kuubadilisha." Alhamisi akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka thelathini na minne. Inasema onyo litadumu miezi kumi na miwili na kwamba akirudia kosa atachukuliwa hatua kali. Mtu amebakiza siku nane.

Sasa nilisema nitafika, nimefika. Chini ya kile kidole gumba kulikuwa na alama za meno ya koleo, safu mbili, na katikati pengo. Koleo lenye jino lililovunjika hapa karakana ni moja, lenye mpini mwekundu, na ni langu. Miezi mitatu nyuma nilibadilisha pedi za breki za gurudumu lile, na ili mafuta yasinichafue nikaubana mpira kwa koleo. Mzee alishatukataza mara mia. Mimi nilijua zaidi. Ule ubanaji ndio uliouchana kwa ndani.

Mzee aliliona pengo siku ileile. Alijua pia kwamba mkataba wangu unajadiliwa mwezi ujao. Watu walipoondoka aliniambia neno moja tu. "Mwanangu, koleo lako linaumwa jino. Lipeleke kwa daktari kabla halijauma mtu mwingine."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeona afadhali kujiumbua mwenyewe, tena kwenye jarida linalosomwa na Kamati nzima. Namwomba Bosi barua ile itolewe kwenye faili la Mzee kabla ya saa tisa na nusu Ijumaa, iwekwe kwenye langu. Langu lina nafasi, na lilikwisha kuchafuka siku nyingi. Kuhusu mkataba, mtaamua ninyi. Koleo nimeshalisaga meno yote.

Mzee Kiganja, Kamati itakupa saa ya ukutani, wewe ambaye hutahitaji tena kuamka alfajiri. Ipokee tu. Sisi wa karakana tunakushukuru kwa kila gurudumu, na kwa kidole gumba kile, ingawa safari hii nimekiondoa bila ruhusa yako. Ukaishi vizuri na mama watoto, mke mwenzake tumebaki naye sisi. Jana Shangazi alirudi kutoka milimani, nikazunguka magurudumu yote manne kwa kiganja changu. Mbele kushoto pamepoa.