Hakuna wa Kukaa Katikati

Mwaka 1966, ndani ya lori la kwenda Garissa, Lul alimsikia karani mmoja akimweleza mzee mfuga ngamia kwamba serikali haitaki walinda amani wa kigeni katika vita vya hapa mpakani. “Nyumba ni yetu, mzee. Jirani aingie kufanya nini?” Alisema kama aliyeijenga mwenyewe.

“Sisi Wasomali tukigombania kisima,” mzee akajibu taratibu, “ukoo wa tatu unakuja kukaa katikati, bila silaha, mpaka hasira iishe.”

“Serikali si ukoo.”

“Najua, bwana. Ukoo huchoka kuzika.”

Lul akamkumbuka babake, aliyewahi kukaa katikati hivyo hadi mvua zikanyesha. Lori likasimama kwenye kizuizi. Askari wakamwambia karani apite kulia, Wasomali wote kushoto. Katikati ukabaki mchanga mtupu.