Dakika Saba kwa Mguu

Fundi nguo alikuwa anashona kifungo ndani ya treni, masikio yote kwa dalali na mjane waliokaa mbele yake.

"Nyumba yako imepanda bei maradufu, mama," dalali alisema. "Watu wanataka kushuka stesheni na kutembea tu. Jana nilipima mwenyewe, dakika saba hadi getini kwako."

"Niliwasikia."

"Nilikuwa peke yangu."

"Nyayo zilikuwa za wawili, mwanangu. Zako zilipita. Za marehemu mume wangu zikaingia ndani, kama kila siku akitoka kazini. Nikiuza, atafikia wapi?"

Dalali akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Sindano ya fundi ilisimama.

Treni ilipofika stesheni yao, mjane alishuka. Dalali alibaki amekaa, akijifanya anatafuta kitu kwenye mfuko mtupu.