Bi Uzio na Lori la Matete

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, msimamizi wetu wa mavuno anastaafu. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake, lakini shambani ni Bi Uzio, kwa sababu hakuna asubuhi aliyoanza kazi bila kwanza kuuzunguka uzio wote kwa miguu, mvua iwe inanyesha au jua liwe linawaka.

Alikuja hapa kama kibarua, mwaka ambao kiwanda cha betri kilifungwa na kutuachia uwanja wa kijivu usioota hata magugu. Udongo ulikuwa umejaa madini ya risasi, sumu ya betri. Kampuni yetu ilipoamua kupanda matete ya kuchoma kwenye boila za viwanda jirani, yeye alikuwa miongoni mwa wanawake waliochimba mashimo ya kwanza wakiwa na buti na barakoa, huku wapita njia wakiwauliza kama wanapanda au wanazika. Msimu wa kwanza karibu miche yote ilikauka. Wa pili waliongeza mboji na chokaa, matete yakashika. Akawa mnyapara, kisha msimamizi.

Tunamjua kwa usafi wake. Buti za shambani hazivuki geti. Mkaguzi mmoja aliingia na viatu vya ngozi vilivyong'aa akatoka na kandambili, viatu vikabaki vinaoshwa. Mlinzi aliyeotesha mchicha kando ya uzio alikuta umeng'olewa wote, na juu ya kiti chake kuna fungu la mchicha wa sokoni. Alinuna siku moja, mchicha akaula.

Wageni humwona mkali. Sisi tunajua anachokiogopa. Matete yetu yana kasoro ya kupendeza mno. Kiangazi kikikausha kila kitu, shamba hubaki kijani, na nje ya uzio kuna ng'ombe wenye njaa. Mizizi inavuta risasi, majani yanaibeba. Kwenye boila, majivu hukusanywa na kufukiwa. Kwenye zizi hakuna wa kukusanya kitu. Sumu inaingia kwa ng'ombe, inatoka kwenye maziwa, na anayeyategemea maziwa kuliko wote ni mtoto mdogo.

Ndipo ikaja tarehe 14 Februari ya kiangazi kile kirefu. Dereva wetu aliugua, tukaletewa wa muda. Aliambiwa apeleke majani. Maisha yake yote majani alikuwa ameyapeleka kwa wafugaji, basi akayapeleka kwa wafugaji, akashusha na kurudi akipiga mluzi. Wafugaji nao waliona kampuni hatimaye imewaonea huruma, wakagawana.

Mchana watu wa boila walipiga simu kuuliza mzigo wao uko wapi. Bi Uzio alimgeukia dereva, akamuuliza swali moja tu, akapanda lori bila kuvua buti. Hatujawahi kumwona akifanya hivyo tena.

Nyumba ya kwanza matete yalikuwa bado yamefungwa. Yalipakiwa huku mwenye nyumba akinung'unika kwamba huruma ya kampuni haimalizi hata siku. Ya pili, ng'ombe alikuwa anatafuna, na mama mmoja mwenye panga la kukatia majani alisimama mlangoni mwa zizi, akasema atakayemnyang'anya ng'ombe wake chakula aanze na yeye. Bi Uzio hakupandisha sauti. Alimuuliza mjukuu aliye mgongoni anakunywa maziwa ya ng'ombe gani. Panga likashuka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake. Huyo ndiye aliyewatoa majirani wasiwasi: lisheni kwa raha, ni shemeji yangu ametukumbuka. Ng'ombe wake alikuwa ameshakula tangu asubuhi, na ndani kulikuwa na mapacha wanaonyonya chupa. Bi Uzio aliyazoa matete yaliyobaki kwa mikono yake, akawaomba wasikamue maziwa ya kunywa. Shemeji alimwambia mbele ya watu wote, "Leo umenivua nguo, shemeji."

Jioni ofisi ilisema majani yamerudi, yaishe, tusijipalie makaa wakati kibali kinasubiri kuhuishwa. Mkemia wetu alisema huenda hakuna madhara, lakini bila kupima hawezi kuapa. Asubuhi Bi Uzio alikuwa mlangoni mwa kituo cha kukusanya maziwa, akimwomba karani aweke kando makopo ya nyumba zile. Meneja alifika amekunja uso, akamkuta mkemia tayari anajaza chupa za sampuli. Alizitazama zile chupa, kisha akaagiza nyasi safi zinunuliwe kwa wafugaji wote hadi majibu yatoke.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Maziwa yalimwagwa. Bombani watu walimpisha kama mgonjwa, na mdogo wake alipita na ndoo kichwani bila salamu. Naye Bi Uzio alikuja kazini kila siku, akazunguka uzio.

Majibu yalisomwa ofisini, wafugaji wamejaa hadi mlangoni. Maziwa ya nyumba zote yalikuwa salama isipokuwa moja. Ya shemeji yalikuwa yamezidi kiwango. Mapacha hawakuwa wameyagusa tangu siku ile, maana mdogo wake Bi Uzio, pamoja na hasira zote, alikuwa amesikia. Shemeji aliinuka, akavuka chumba, akakaa kwenye benchi kando ya Bi Uzio.

Tangu hapo matete hukatwakatwa na kuchanganywa na vumbi la mbao kabla ya kutoka getini. Wazo ni lake, na hakuna ng'ombe anayeyanusa mara mbili.

Wiki hii nyasi za nje zimeanza kugeuka njano, na shamba letu linazidi kuwa kijani. Asante, dada yetu, kwa miguu yako na kwa msimamo wako. Tunakuombea afya, usingizi mzito na asubuhi zisizo na haraka. Pumzika. Zamu hii ni yetu.