Maganda Niliyoanika Nyuma ya Nyumba

Mama zangu wa barrière, mnaovuka mpaka kila siku na biashara zenu, ndugu zangu, mmeniomba niseme kwa kifupi. Karatasi hii nimeiandika mara sita nikaichana, kwa hiyo leo nasoma ya saba. Sitataja jina la mtu. Anayehusika zaidi ameketi katikati yenu, na ameniruhusu nimwite dada, basi.

Wengi mnanijua: yule wa Nengo aliyerudi kutoka chuo na shahada ya kemia, akakaa nyumbani. Nilikuwa mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili. Mlango nimefunga? Barua ya kazi nimeituma, au nimeituma na kosa? Dada aliniachia mtoto wake wa miaka minne kila asubuhi, akavuka kwenda Goma na mayai ya kuku wake. Mimi nilibaki na mtoto na mawazo.

Mnakumbuka jinsi bomba lilivyokuwa likikauka. Tulichota kwenye chemchemi iliyo chini ya karakana inayovunja betri kuukuu za magari. Nilipeleka chupa ya maji yale kwa mwalimu wangu wa zamani huko Kigali, akayapima, akakuta madini ya risasi, yale tunayoyaita plomb. Hayana harufu wala rangi, nayo huharibu akili za watoto.

Chuoni tulisoma kwamba watu wa pwani huokota maganda ya kaa na kombe yanayotupwa jikoni, wakayasaga, wakapitisha maji humo, na madini yakanasa kwenye maganda. Sisi hatuna bahari. Lakini tuna coquille, yale maganda ya konokono wa ziwa yanayouzwa kwa gunia kwenye duka la chakula cha kuku. Niliyaponda, nikayapanga ndani ya pipa juu ya mchanga, nikapitisha maji. Mwalimu alipima tena. Plomb ilikuwa karibu imekwisha. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilitembea hadi Rubona na kurudi kwa miguu, kwa furaha tu.

Kila baada ya majuma mawili nilibadilisha maganda. Yaliyotumika niliyaanika kwenye mkeka nyuma ya nyumba, nikingoja kuyafunga vizuri. Niliwaza juu ya uzito wake, juu ya mfuko gani unafaa, juu ya kumwandikia mwalimu. Sikuwaza juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu ameshakiona.

Jioni moja dada alirudi kutoka Goma akiwa mchangamfu.

"Asante, mudogo wangu," aliniambia. "Hiyo coquille unanianikia kule nyuma imesaidia sana. Siku hizi mayai iko na ganda nguvu, haivunjike tena ku barrière."

Yale yalikuwa maganda yaliyokwisha kunasa plomb. Alikuwa ameyachota miezi miwili, akayatwanga na kuyachanganya na pumba. Angefanya nini kingine? Mtu wa kwetu akiona coquille imeanikwa, anajua ni ya kuku.

Hapo ndipo nilipoanguka. Si kwenye kosa lile, bali baada yake, kwa sababu nilinyamaza siku tisa. Maganda niliyaficha chini ya kitanda changu, nikafungua daftari. Kuku mmoja anakula kiasi gani? Kiasi gani kinapita kwenye yai? Labda kidogo. Nilijaza daftari, nikaanza la pili. Kuku mmoja alianza kuning'iniza mabawa na kunya kijani, akafa. Dada alisema ni kideri. Nikakubali kwamba ni kideri.

Na kila asubuhi mtoto alikuwa akila yai lake. Sikuweza kusema, na sikuweza kumwona akila. Mnajua nilifanya nini? Mama yake akishatoka, nilimnyang'anya lile yai nikalila mimi. Siku tisa, nikitafuna huku mtoto ananitazama.

Siku ya kumi dada hakwenda Goma. Mtoto alikumbatia sahani yake kifuani akaniambia mbele ya mama yake, "Mama mudogo, leo usikule yai yangu."

Dada aliweka kikapu chini. "Unanyang'anya mutoto yai? We uko na shida gani?"

Nikasema yote. Nilianzia kwenye pipa, nikamaliza chini ya kitanda. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja: na yale mayai ya Goma? Nikasema ndiyo, na yale. Kisha akajifunga kitenge.

"Bon. Vaa viatu. We ndiye utasema kwa wateja. Mi nitasimama pembeni yako."

Tulivuka siku tatu mfululizo, duka kwa duka. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Kuku wote tuliwachinja tukawazika. Mtoto alipimwa damu, nami nikapimwa. Plomb ilikuwemo kwetu sote wawili. Ni ya maji ya zamani au ya mayai yangu, daktari alisema hawezi kuitenganisha. Sasa inashuka. Imegusa nini kichwani mwake, hakuna anayejua. Ameanza shule ya watoto wadogo, na kila akisahau herufi, moyo wangu unasimama.

Namshukuru mwalimu, namshukuru muuguzi anayetupokea kila mwezi. Nawashukuru wateja wa Goma waliosikiliza hadi mwisho. Dada, asante kwa kusimama pembeni.

Ninachowaachia ni hiki. Pipa langu halikuiua plomb, liliihamisha tu. Anayehamisha sumu lazima awaambie watu ameiweka wapi, siku ileile, kabla ya kufungua daftari. Chujio bado linafanya kazi, na majirani wanachota. Maganda yaliyotumika nayachanganya na saruji ndani ya pipa jekundu lenye kufuli, nyuma ya nyumba yetu. Mkipita Nengo, ingieni, mniulize lina nini. Nitawajibu palepale.