Bangili ya Zamu

Kivuva alikuwa na dhambi moja ambayo hakuwahi kuitubu kanisani, kwa sababu aliidhania kuwa ni akili. Binti yake, Mbeke, anatembea kwa magongo. Kwa miaka mingi, kila palipokuwa na laini ndefu, hospitalini, kwa chifu, hata kwa kinu cha unga, Kivuva alimbeba mgongoni akilia kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Tupishe, watu wa Mungu, niko na mtoto mgonjwa!" Watu walipisha. Mtoto hakuwa mgonjwa. Siku moja alimtoa darasani akaenda naye mpaka ofisi za kaunti kule Kajiado kufuata karatasi ya shamba, shughuli isiyomhusu mtoto hata kidogo. Walipotoka kabla ya wote, alimnunulia soda akicheka. Mbeke hakuinywa. Kijiweni waliposikia wakampa jina Tupishe, naye akaliitikia kama cheo.

Kijiwe chenyewe ni ubao uliolazwa juu ya mawe ya kujengea, mbele ya duka la mabati kando ya barabara ya Namanga, hapa Kitengela. Jumamosi hii Wacuka, mama muuza kahawa, alikuwa ndio tu ameshusha thamosi ya kahawa ya tangawizi Tupishe alipofika, mkono juu ya mfuko wa shati kama aliyebeba yai. Akatoa bangili ya mpira, ya buluu, yenye kidude cheusi katikati.

— Hii ni ya Mbeke, akasema. Watoto wa Sande skuli wanaenda ile paki mpya ya bembea. Paki imetuma hii kwa wale hawawezi kusimama sana. Basi la kanisa linaondoka saa hii hii. Mbeke amesema bila bangili haendi, na kubebwa hataki. Nimemwambia angoje kwanza niulize watu wazima. Nimruhusu ama nisimruhusu?

— Inavaliwa wapi? akauliza Muturi. Huyu wanamwita Ufunuo, maana kwa Biblia yake kurasa za mwisho tu ndizo zimechakaa.

— Kwa mkono.

— Kwa mkono! Ndugu yangu, hiyo si bangili, hiyo ni chapa! Imeandikwa, mkono wa kuume!

— Na akivaa kushoto? akauliza Wacuka, akimimina.

— Shetani naye anajua kukwepa, mama.

Saning'o, dalali wa mifugo ambaye husema ng'ombe hawezi kumdanganya ila mwenye ng'ombe, aliichukua akaipima uzito kwa kiganja.

— Ai, Ng'ai, Mungu wangu! Mimi najua hii kitu. Ni hereni ya ng'ombe. Ukiona ng'ombe na hereni, jua iko na mwenyewe. Leo mtoto anavaa, kesho paki inakuja na lori kumchukua. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia tu, mama. Wewe mimina.

— Na haina waya, Ufunuo akaendelea. Jiulizeni, umeme inatoa wapi? Damu! Ndio maana inafungwa juu ya mshipa.

— Si damu, Saning'o akakataa. Inavuta radi. Radi ikikosa waya inatafuta mtu. Kule Mashuuru ng'ombe watatu walienda hivyo hivyo.

— Walikuwa wamevaa bangili?

— Walikuwa na kengele!

Ufunuo akanyoosha kidole kama yuko mimbarini.

— Baba Mbeke, sikia ushauri. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Saning'o aliacha kupuliza kahawa yake.

— Muturi, akasema Wacuka polepole, meza hiyo maneno na kahawa.

— Sikumaanisha...

Wakati huo Saning'o, kwa kutafuta pa kuweka mikono, alibonyeza kile kidude cheusi. Bangili ikatetemeka, dzzz! Akamrushia Ufunuo. Ufunuo akapaa kutoka kwa ubao.

— Toka, pepo! Kwa jina la Yesu!

Wacuka aliidaka kwa aproni yake akicheka mpaka machozi. Hakuna aliyemwona Mbeke akija.

Alikuwa ametoka kanisani peke yake, katikati ya vumbi na kokoto, amevaa gauni la Jumapili. Gongo, mguu, gongo, mguu. Saning'o alitaka kuinuka amshike, jicho la msichana likamrudisha chini.

— Shikamooni. Baba, basi linangojea mimi pekee.

— Mbeke mama, hii kitu tunaichunguza kwanza, akasema Kivuva. Inafanya nini hasa?

— Ukifika kwa bembea unaigusisha pale mlangoni. Zamu yako inaanza kuhesabiwa. Unaenda unakaa kivulini. Ikifika, inatetemeka. Simu ya kuniita siwezi kushika, mikono yote iko kwa magongo.

— Kumbe inakupitisha mbele! Kivuva akachangamka. Sasa si mimi ningekubeba tu, tuwaambie watu...

— Hainipitishi, baba. Aliyenitangulia ananitangulia. Nitangoja kama watu wote, ila mimi nitangoja nimekaa. Sitaki kupishwa. Nataka zamu yangu.

— Mtoto, akaingilia Ufunuo kwa sauti ya upole, sisi tunaogopa tu isiwe alama ya yule mwovu.

Mbeke alimtazama bila hasira, kama mwanafunzi anayeuliza mwalimu.

— Sawa, mzee. Kama kungoja zamu ni alama ya mwovu, kudanganya watu watupishe ilikuwa alama ya nani?

Lori la saruji likapita. Likapita lingine. Saning'o alichungulia ndani ya kikombe kikavu, akamwinulia Wacuka, naye Wacuka akageuza thamosi juu chini: hata tone.

Kivuva aliona aibu ikimpanda shingoni, na safari hii hakuitafutia mzaha. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine, kikubwa zaidi, kilichomnyoosha mgongo mbele ya wenzake. Alitamani kila mtu aliyewahi kumpisha, kuanzia Kitengela mpaka Kajiado, awe hapa asikie, ajue kwamba huyu msichana ni wake.

Wacuka alimrudishia bangili. Mbeke aliegemeza gongo moja kwa ubao, akasimama kwa lile lililobaki, akanyoosha mkono wa kushoto.

— Mkono mmoja hauwezi kujifunga, akasema. Nifungie, baba.